Kipimo kinasoma sifuri, mwani unazidi kuota

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 300 kwenye mapokezi ya nyumba yetu ya wageni hapa Raskazone, Tanga. Lina miezi minane. Ndani mna samaki wanne wadogo, mawe, na vipande vya matumbawe nilivyonunua kwa mfugaji mwenye kibali. Tangu masika yaanze, mwani wa kijani kama nywele umefunika mawe yote. Nimeweka dawa ya kufyonza fosfati mara mbili, na kila wiki nabadilisha lita 30 kwa maji ninayochota ufukweni. Maji yakipungua naongeza ya bomba. Samaki nawapa vijiko viwili vya chai vya punje kwa siku, na taa huwaka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku kwa ajili ya wageni. Nitrati inasoma sifuri, fosfati sifuri. Lakini mwani hauondoki, na matumbawe sasa yamepauka. Niongeze dawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, usiongeze. Kama dawa ya mwisho bado imo kwenye chujio, kaitoe kwanza, kisha urudi tuendelee. Matumbawe yako yana njaa, na dawa hiyo ndiyo inayoyanyima chakula.

Nianze na hiyo sifuri, kwa sababu ndiyo iliyokupoteza njia. Nitrati na fosfati ni virutubisho, na kipimo hupima kilichobaki majini dakika ile unapochota. Hakikuambii kilichoingia asubuhi, wala nani amekila. Ukipita jikoni baada ya shughuli ukakuta sufuria ya pilau imekwanguliwa mpaka ukoko, husemi hapakupikwa; unasema walaji walikuwa wengi. Tangi lako limepikiwa sana, na mwani umekula kabla wewe hujafika na mrija wako wa kupimia.

Tupige hesabu. Chakula cha punje kwa kawaida kina fosforasi karibu asilimia 1, na protini kama asilimia 45. Gramu moja basi ina miligramu 10 za fosforasi, ambazo zikishakuwa fosfati ni kama miligramu 30. Zigawe kwa lita zako 300, unapata miligramu 0.1 kwa kila lita. Protini ya gramu hiyo hiyo, ikishaoza na kupita kwa bakteria, amonia ikawa nitriti na nitriti ikawa nitrati, inakupa karibu miligramu 1 ya nitrati kwa kila lita. Sasa nimechukua kijiko cha chai nikajaza punje nikaziweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 2 na nusu. Vijiko viwili ni gramu 5. Kwa siku moja, kwa samaki wanne wadogo, unaingiza fosfati ya kupandisha tangi zima kwa 0.5 na nitrati ya kulipandisha kwa 5. Tuseme nusu inabaki mwilini mwa samaki na nyingine kidogo inanaswa na skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu. Bado ni nyingi mno. Tangi la matumbawe linatosheka na fosfati kati ya 0.03 na 0.1, na nitrati kati ya 2 na 10, tena hiyo ni hali ya kudumu, si ya kuongezwa kila kukicha.

Kwa hiyo unapobadilisha lita 30 za maji yanayosoma sifuri, unatoa sifuri. Shehena yote imo ndani ya nywele za kijani na ndani ya mawe.

Mawe nayo yana habari yake. Mawe ya matumbawe ni chokaa tupu, na fosfati hupenda kushikamana na chokaa. Kwa miezi ile fosfati ilipokuwa nyingi, mawe yaliinywa. Ukiitoa majini kwa dawa, mawe yanaanza kuirudisha taratibu, na anayekaa juu ya jiwe ndiye anayeipokea wa kwanza. Nani anakaa juu ya jiwe? Mwani. Tena nywele zake zinanasa masalio ya chakula na kinyesi cha samaki, zinajitengenezea shamba papo hapo. Tumbawe linategemea maji yanayolipitia na chembe linazozikamata. Ndiyo maana dawa ya kufyonza fosfati, ukiitia nyingi kwa mpigo, humpiga tumbawe kwanza na mwani mwisho.

Na kupauka kwake kuna sababu inayojulikana. Ndani ya nyama ya tumbawe mnaishi vimwani vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyolipa rangi ya kahawia na sehemu kubwa ya chakula chake. Mwaka 2013 Jörg Wiedenmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionyesha kwamba vimwani hivyo vikipata nitrati huku vinanyimwa fosfati, utando wa seli zake hubadilika, na tumbawe linakuwa jepesi kupauka likipigwa na joto au mwanga. Wewe umelinyima fosfati, halafu ukaliwashia taa saa 16 kwa siku. Lingefanya nini?

Utasikia watu wakikutajia uwiano wa Redfield. Huyu ni Alfred Redfield, aliyeandika mwaka 1934 kuhusu planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea, wa bahari kuu. Kutokana na kazi yake tunasema kwa kila atomu 1 ya fosforasi kuna atomu 16 za nitrojeni. Kwa vipimo vyetu vya tangi ni kama nitrati 10 kwa fosfati 1. Wapo wanaotia kemikali kila siku wakiufukuzia uwiano huo mpaka tarakimu ya mwisho, na mimi siwashauri hivyo. Uwiano huo unaeleza planktoni wanaoelea. Mwani unaoshika mwamba una uwiano wake: Marlin Atkinson na Stephen Smith waliupima mwaka 1983 wakakuta nitrojeni 30 hivi kwa fosforasi 1. Maana yake, mwani unapokua na ukauvuna, unatoa nitrojeni nyingi na fosforasi kidogo. Basi usishangae huko mbele ukiona nitrati imekauka na fosfati bado ipo. Kazi ya uwiano ni kukuonya pale kimoja kinapoisha kabisa. Baada ya hapo uache.

Sasa kazi. Anza na taa, kwa kuwa haina gharama. Punguza iwe saa 8, tuseme saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Wageni wa usiku waachie taa ndogo ya buluu hafifu kwa saa moja au mbili, itawapendeza zaidi. Na kama dirisha la mapokezi linaingiza jua la asubuhi kwenye kioo, weka pazia. Usizime taa siku nne tano ukidhani utaua mwani: nywele zitalegea, zitaoza humo humo, na kila kilichokuwa ndani yake kitarudi majini kwa siku moja.

Chakula, shusha mpaka theluthi ya kijiko kwa siku, ukigawe mara mbili. Tupia kidogo, subiri wamalize, ongeza. Samaki wanne hao watanenepa vizuri tu. Usisitishe kulisha, kwa kuwa mkojo na kinyesi cha samaki ndicho chakula kizuri kuliko vyote kwa matumbawe: kinakuja kidogo kidogo, nitrojeni na fosforasi zikiwa pamoja. Ukitumia chakula kilichogandishwa, kiyeyushe kwenye chujio la chai, umwage yale maji ya rangi, uwape nyama.

Kisha ung'oe mwani kwa mkono, na hapa nakuomba uwe mvumilivu kwa sababu ndiyo dawa yenyewe. Chukua mpira mwembamba wa kunyonyea maji, funga mswaki mgumu mpya kwenye ncha yake kwa mpira wa kubania pesa, mdomo wa mpira ukiwa usawa na nywele za mswaki. Upande wa pili uingie ndoo iliyofunikwa kitambaa cha kanga. Vuta maji, halafu sugua jiwe polepole. Unachokwangua kinanyonywa kabla hakijasambaa. Ile sehemu ndefu, zungushia vidoleni kama unavyozungusha uzi, vuta ukielekea upande ambao mizizi yake inalegea. Mwani mzee utatoka na kipande chembamba cha jiwe, usijali. Ukimaliza, kamua kitambaa kama unavyokamua nguo, utashika mkononi bonge la kijani linalonuka kama pwani wakati maji yametoka. Hilo bonge ndilo chakula cha wiki nzima ulichokuwa ukikitafuta kwenye kipimo. Fanya robo ya mawe kila baada ya siku tatu nne, usimalize yote siku moja. Mawe mawili matatu yanayobebeka yatoe, uyasugue kwenye beseni la maji ya bahari, kamwe si ya bomba, maana bakteria wanaokusafishia amonia wanaishi ndani yake.

Nimejifunza hili kwa wakulima wa mwani wa pwani hii. Kamba zao zikivamiwa na nywele na takataka, hakuna anayemwaga dawa baharini. Maji yakitoka wanashuka, wanatikisa kamba moja moja, wanachambua kwa mkono, wanarudi tena maji yakitoka tena. Na wanajua kwamba pale maji yanapotuama na kupata joto ndipo mwani wao unapougua. Angalia na wewe mzunguko wa maji tangini mwako. Tupia chembe moja ya punje nyuma ya mawe uitazame: ikitua na kukaa, hapo pana kona mfu, na nina hakika ndipo nywele zilipoanzia. Geuza pampu ipige pale. Masalio yaliyokwisha kutua yanyonye kwa mpira kila unapobadilisha maji.

Maji yenyewe nayo yana hatia. Umesema balaa lilianza na masika, na hilo limenigusa mara moja. Mto Zigi na Mto Mkulumuzi yote miwili inamwaga kwenye ghuba yetu. Mvua ikishuka kutoka Usambara, maji ya ghuba yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, yamebeba udongo, mbolea ya mashambani na uchafu wa mji. Wewe unaingiza lita 30 za hayo kila wiki ukidhani unasafisha. Mpaka mvua ipite kwa wiki mbili tatu, tumia chumvi maalumu ya akwariamu, au mlipe mwenye mashua akuchotee nje ya ghuba. Kiangazi unaweza kuchota mwenyewe, lakini uchote maji yanapojaa, karibu na kujaa kabisa, maana wakati huo unapata maji yaliyotoka bahari kuu. Yanapotoka yanakuja na ya mikokoni na ya bandarini. Yachuje kwa kitambaa kizito, yaweke gizani kwenye pipa la plastiki lenye pampu ya hewa kwa wiki moja au zaidi, pima chumvi ifike 35 kwa elfu, pima amonia, nitrati na fosfati, ndipo uyatumie.

Na ya kuongezea yanapopungua, acha ya bomba. Kinachopaa hewani ni maji matupu. Madini yanabaki, na kila dumu unaloongeza linaleta mengine juu yake, silika ikiwemo, ambayo hulisha ule mwani wa kahawia kama vumbi. Maji ya kisima kifupi ni hatari zaidi kwa sababu vingi viko karibu na vyoo na vina nitrati. Nunua maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupitia utando unaozuia madini, na uwe na kile kifaa kidogo cha kupima madini yaliyoyeyuka. Namba ikaribie sifuri. Hii ndiyo sifuri ninayotaka uifukuzie. Nyumba za wageni zina kishawishi kingine, nacho ni ndoo inayojaa maji ya kiyoyozi bure kila siku. Yanaonekana safi kama machozi, lakini yamechuruzika juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo mno inaua konokono, kamba na matumbawe. Ya mvua yaliyopita kwenye bati nayo yanabeba zinki. Yote hayo yamwagilie maua.

Kama chini ya tangi una sampu, yaani tangi dogo la kuchujia, tenga chumba kimoja uoteshe mwani unaoutaka wewe, ili huo ukile chakula badala ya mwani usioutaka. Bora ni Chaetomorpha, nyuzi ngumu za kijani zilizosokotana kama wavu uliokunjwa, haushiki jiwe wala hausambai ovyo. Uwashie taa yake usiku, ile kubwa ya juu ikiwa imezimwa. Hivyo unaongeza oksijeni saa ambazo tangi linaihitaji zaidi na kuzuia pH isiporomoke alfajiri. Kila ukijaza chumba, toa nusu utupe. Usipoutoa hujafanya kitu.

Konokono wa kukwangua mwani watakusaidia, 15 au 20 wadogo, ila wanakula nywele fupi tu, kwa hiyo waingize baada ya kung'oa zile ndefu. Samaki mlaji mkubwa wa mwani wa pwani hii ni tasi, na wakulima wa mwani wanamjua kwa hasara anayowapa, lakini anafika zaidi ya sentimita 40, na kumfunga ndani ya lita 300 ni kumtesa. Kumbuka pia kwamba mlaji hatoi chakula tangini. Anakimeza na kukirudisha kama kinyesi. Na hao konokono usiwaokote tu mwambani. Muulize ofisa uvuvi kwanza. Sehemu ya pwani yetu kusini mwa mji iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga tangu mwaka 2009, na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inafanya kazi humo. Umefanya jambo jema sana kununua matumbawe kwa mfugaji mwenye kibali. Miamba yetu imepigwa baruti miaka mingi, inahitaji kila kipande kilichobaki.

Upimaji sasa. Vipimo vingi vya matone vya bei nafuu havianzi kubadili rangi mpaka fosfati ifike 0.25, kwa hiyo sifuri yako inaweza kuwa 0.15. Tafuta kile kifaa cha kidijitali kinachosoma fosforasi kwa sehemu za bilioni. Namba utakayoiona izidishe kwa 3.066 kisha ugawe kwa 1000: ikisoma 20, fosfati yako ni 0.06, na hapo nitafurahi. Pima siku ileile ya wiki, saa ileile, kabla ya kulisha. Ukiona baada ya wiki mbili fosfati bado ni sifuri ya kweli, ongeza chakula kidogo. Ikipita 0.15 wiki mbili mfululizo, ndipo urudishe dawa ya kufyonza, robo ya kipimo kilichoandikwa, uibadilishe taratibu. Alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, iweke kati ya 7 na 8 kwa kipimo cha dKH, karibu na ya bahari yenyewe. Ikipanda hadi 10 au 11 huku chakula kikiwa haba, ncha za matumbawe magumu huungua.

Siku moja nililikamua tangi langu la kwanza, nyumbani Ngamiani, kama ulivyolikamua lako. Nilitaka nitrati na fosfati zisionekane kabisa, nikafaulu. Wiki ya tatu nikaamka nikakuta mchanga umefunikwa kamasi za kahawia zenye viputo vya hewa, nyuzi zake zikipepea. Usiku zilipungua, mchana zikarudi. Konokono walianguka kutoka kiooni mmoja baada ya mwingine, wakafa. Kamasi hizo zilikuwa dinoflajelati, viumbe vidogo mno vya seli moja, ambao hushika nafasi pale washindani wao wote wanapokufa njaa, na baadhi yao wana sumu. Ilinichukua miezi mitano kuwaondoa, na njia iliyofaa ilikuwa kurudisha chakula majini. Ukiona kamasi za namna hiyo, acha kubadilisha maji, ongeza kulisha, niandikie upesi. Utando mwekundu unaobanduka kama karatasi ni kitu kingine, unyonye kwa mpira na ongeza mzunguko.

Mtu akikushauri kutia siki ili kulisha bakteria wale nitrati na fosfati, mwambie bado. Njia hiyo inafanya kazi, lakini bakteria hao wanakula oksijeni, na maji yetu ya nyuzi 27 au 28 hubeba oksijeni kidogo. Umeme ukikatika usiku, skima imesimama na pampu zimesimama, tangi lililotiwa siki linakosa hewa haraka. Nunua kwanza pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe. Hiyo uwe nayo hata bila siki.

Wiki mbili za kwanza hutaona tofauti, na mwani utarudi pale ulipong'oa. Ung'oe tena. Kuanzia wiki ya nne utarudi mfupi na mwepesi, wa kijani kibichi badala ya kijani kizito. Matumbawe yatatangulia kupona: chungulia jioni taa zinapofifia, utaona mikono midogo inachomoza kuliko jana, kisha kahawia inaanza kurudi kwenye sehemu zenye kivuli. Usiyaongezee mwanga hapo. Karibu na mwezi wa tatu utapata mawe yaliyo wazi, na juu yake vitatokea vidoa vigumu vya waridi na zambarau, vidogo kama ncha ya kiberiti. Huo ni mwani wa chokaa, unashika nafasi ambayo nywele zilikuwa zimekalia. Ukipita na mswaki wako, vidoa hivyo viruke.